Safu ya Nne ya Bi Mwanamvua

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji na kabla ya kusema na mtu yeyote, Bi Mwanamvua binti Pazi alikwenda kuchomoa vijiti vyake. Vilikuwa kumi na viwili, vya mti wa msufi, kila kimoja urefu wa shubiri, navyo vilichomekwa hapa na pale katika ekari yake moja. Alichomoa kimoja, akaitazama ncha, akakigonga kwenye kisigino ili mchanga udondoke, kisha akakirudisha katika tundu lake. Ncha ikiwa nzima, aliendelea na safari. Ikiwa imetafunwa, alifunga fundo katika pindo la khanga. Msufi ni mti laini, na mchwa wanaupenda kama watoto wanavyopenda ukoko wa wali, kwa hiyo wakiingia shambani huanza na vijiti kabla ya kitu kingine. Jua lilipotokeza juu ya mikorosho ya jirani, Bi Mwanamvua alikuwa ameshahesabu mafundo yake, na alijua adui yuko upande gani na tangu jana amesogea hatua ngapi.

Wilfred, bwana shamba wa Marui, alipouona mchezo huo mara ya kwanza alidhani bibi analizindika shamba. Aliandika kabisa katika daftari lake la kazi: "Imani za kienyeji bado zipo." Ilimchukua mwaka mzima kuifuta sentensi hiyo.

Wilfred alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako na wewe ukacheka. Mtani huingia jikoni kwako akachukua anachokitaka, na ukikasirika, wewe ndiye unayeonekana huna adabu. Bi Mwanamvua alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya chini, na kwa watu wengine maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Kwa Wilfred yalimtoka yenyewe.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua," Wilfred alikuwa akisema, akiegemeza baiskeli kwenye uzio.

"Marahaba. Mzigo wako umeutua wapi leo, mpagazi?"

"Nimeuacha njiani. Nilisikia ngoma huku, nikasema Wazaramo wameshatupa majembe, ngoja nikawahesabu."

"Utahesabu kwa vidole gani, na vyote vimeota sugu? Kaa hapo unywe uji."

Bi Mwanamvua alizaliwa Vihingo, akaolewa Vihingo, na huko alikuwa na minazi ishirini na miwili aliyoachiwa na bibi yake mzaa mama. Mwaka 1974 ilipokuja Operesheni Vijiji, yeye na mumewe Shomari walibeba kinu, kitanda na kuku, wakahamia kijiji kipya cha upande wa Marui. Minazi haibebeki. Shomari alifariki miaka miwili baadaye, na mkewe akabaki na ekari ya kichanga ambayo mtu wa kwanza kupewa alikuwa ameikataa. Sababu waliijua wote. Ukisahau mkeka juu ya ardhi ile, ukiurudia unaokota nyuzi. Mihogo ilijikaza kidogo. Minazi haikuweza. Mchwa walianza na kumbi la nazi iliyotoa mche, wakapenya ndani wakala kitovu, na mche uliokuwa kijani Ijumaa hii ulikuwa njano Ijumaa iliyofuata. Ukiuvuta, unakuja mkononi kama kofia.

Dawa ya unga ya serikali ilikuwepo, kwenye karatasi. Wilfred aliiagiza mwaka 1980, akaiagiza tena 1981. Miaka hiyo hata kipande cha sabuni kilipangiwa foleni, na barua aliyojibiwa mara zote mbili ilikuwa ile ile, tarehe tu ndiyo iliyobadilika.

Kabla ya hapo Bi Mwanamvua alikuwa amejaribu majivu. Mwaka 1978 alipanda miche kumi, akamwaga majivu kwenye kila shina, na miche ikasimama vizuri mpaka mwaka ukaisha. Alifurahi, akawaambia watu. Msimu uliofuata nusu ya kijiji ilimwaga majivu. Akina mama walichoma hata mabua waliyokuwa wamewawekea mbuzi ili majivu yatoshe. Mchwa wakala miche yote, ya kwake na ya wenzake. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba mwaka 1978 mvua haikukatika sawasawa, na mchwa walikuwa chini kabisa, wamejificha na maji. Majivu hayakuwa yamefanya kitu. Waliomfuata Bi Mwanamvua hawakumgombeza. Walifanya vibaya zaidi, walicheka. Biasha, jirani yake wa uzio mmoja, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyeanza kumwita Bi Majivu. Jina likashika mpaka kwa watoto wa shule.

Kwa hiyo alipopata jambo la pili, hakumwambia mtu.

Alilipata Mlandizi, alipokwenda kumtazama dada yake Mwanahalima. Maji ya Ruvu yalikuwa yamerudi mtoni yakaacha madimbwi, na akina mama walikuwa wakivua kwa utupa. Utupa ni kichaka cha kimo cha mtu, na majani yake yana manyoya laini kama sikio la mbuzi. Unayatwanga, unayamwaga dimbwini, na baada ya muda samaki wanaelea wamelewa, unawaokota kwa mkono. Kila mtu alitazama samaki. Bi Mwanamvua alitazama kinu kilichotumika kutwangia. Kilikuwa kinalala nje, chini, nyuma ya nyumba ya dada yake, na hakikuwa na tundu hata moja la mchwa, ilhali uzio uliokuwa hatua kumi kutoka hapo ulikuwa umebaki maganda matupu. Alirudi Marui na mbegu za utupa ndani ya fundo la khanga, akazipanda kuzunguka ekari yake. Mtu akimuuliza, alisema ni ua.

Januari 1982 Halmashauri ya Kijiji ilikaa na kupitisha neno. Kila ekari ya mkulima ilitakiwa iwe na zao la kudumu. Anayepanda minazi apande miche arobaini, na baada ya Saba Saba watapita kuhesabu. Miche iliyo hai ikipungua robo tatu, yaani thelathini, ekari hiyo itaunganishwa na shamba la korosho la kijiji, na mwenyewe atatafutiwa mahali pengine. Wote walijua mahali pengine ni wapi: bondeni, penye majani makali na nguruwe. Bi Mwanamvua alisikia tangazo hilo akiwa amesimama nyuma ya mkutano. Alikuwa ameshahamishwa mara moja. Alirudi nyumbani akahesabu vichaka vyake vya utupa.

Mwezi Aprili aliletwa kijijini msichana wa chuo, Stellamaris, kutoka kitivo cha kilimo Morogoro, afanye mafunzo ya vitendo kwa miezi mitatu chini ya Wilfred. Kwao kulikuwa Misugusugu, na hapa kijijini alipewa chumba kwa mwalimu mkuu. Alikuja na mkoba wa vitabu, miwani, na karatasi yenye maswali thelathini ya kuwauliza wakulima. Wiki ya kwanza hakuuliza hata moja. Akifika kwenye kiwanja cha mtu alisalimia, akaketi pembeni, akaandika. Wilfred hakuona tatizo. Yeye alikuwa na maneno ya kuwatosha watu wawili. Maswali yote aliyauliza mwenyewe, na mengi aliyajibu mwenyewe.

Jumanne moja, saa tano, Wilfred alipita kwa Bi Mwanamvua akakuta mlango umerudishwa. Barazani palikuwa na sufuria imefunikwa kwa kawa. Alifunua. Ndani mlikuwa na majani mabichi yaliyotwangwa laini, kijani kilichokoza. Mke wake alikuwa amekwenda Tabora kujifungua, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu anakula ugali kwa maharage yasiyoiva.

"Bi Biasha," aliita ng'ambo ya uzio, "mwambie mtani wangu kisamvu chake kimehamia Tabora."

"Kihamishe tu," Biasha alijibu bila kuinua kichwa. "Lakini sufuria irudi."

Aliifunga sufuria nyuma ya baiskeli, akaondoka akipiga mluzi.

Uani kwake, nyuma ya ofisi, Stellamaris alikuwa kwenye meza ndogo akinakili takwimu za mvua.

"Weka kalamu chini," Wilfred alimwambia. "Leo tunakula kama watu."

Stellamaris alichungulia sufuriani. Alichukua majani kidogo kwa vidole viwili, akayafikicha, akayanusa. "Bwana Wilfred," alisema, "nadhani haya si..."

"Nazi iko nyuma ya mlango. Mbuzi ya kukunia iko chini ya meza."

"Haya majani..."

"Usihofu, kuchemsha nitachemsha mimi. Wewe kuna nazi."

"Lakini nimeona kwenye kitabu..."

"Kitabuni hawali kisamvu, Stela. Haya, kimbia."

Midomo ya msichana ilicheza mara moja zaidi, kisha akaenda kuleta nazi. Wilfred aliwasha moto, akateleka sufuria, akaanza kusimulia jinsi mama yake anavyopika mlenda. Aliposimulia mpaka mwisho akauliza, "Tui vipi?"

"Bado," alisema Stellamaris.

Akasimulia safari yake ya kwanza ya treni, kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, pamoja na vituo vyote. "Vipi?"

"Bado kidogo."

Mbuzi ilikwaruza mara moja, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Wilfred hakuwahi kumwona mtu anakuna nazi taratibu namna ile. Alijisemea kimoyomoyo kwamba ndivyo walivyo wasomi, wana digrii lakini hawana mikono.

Ndipo Bi Mwanamvua alipoingia uani, khanga ameikunja mpaka magotini, anahema. Alikuwa amekimbia njia nzima, na hakuna mtu Marui aliyewahi kumwona akikimbia.

"Umeonja?"

"Shikamoo kwanza, mtani. Naona umekuja na tumbo lako."

"Wilfred. Umeonja?"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Hilo ndilo lililomfanya aweke mwiko chini. "Bado. Nangoja tui la huyu msomi."

Bi Mwanamvua aliikamata sufuria kwa pindo la khanga, akaiepua, akaenda kuimwaga mwisho wa uwanja, kwenye shimo la taka, mbali na kuku. Akafukia kwa mguu. "Ni utupa," alisema akirudi. "Ni dawa yangu ya mchwa. Ungekula, ungetapika mpaka mizigo aliyobeba babu yako."

Wilfred aligeuka polepole. Katika sahani ya Stellamaris palikuwa na nazi ya kujaza kijiko kimoja.

"Wewe ulijua?"

"Nilisema mara tatu," alijibu msichana, macho kwenye mbuzi. "Halafu nikaona nikichelewesha tui..." Hakumalizia.

Bi Mwanamvua alimtazama kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui ni cha nani. "Mshahara wako mpe huyu," alimwambia Wilfred. "Wewe baki na baiskeli."

Kwa kuwa siri ilikuwa imeshamwagika, kesho yake aliwaonyesha kila kitu. Alikuwa na kinu cha pili, cha utupa peke yake, kilichofichwa nyuma ya choo ili asije mtu akatwangia mpunga. Majani alitwanga, akayaloweka katika debe kutwa na kucha, akachuja kwa kung'uto, na maji yake, ya kijani yenye povu, akayamwaga kata moja kwa kila mche, kuzunguka kumbi lile lile ambalo mchwa hulianza. Machicha aliyafukia kando ya shina. Baada ya wiki mbili alirudia. Mikono aliiosha mbali na kisima, na bata wa Biasha aliwafukuza kwa mawe, kwa sababu ambazo Biasha hakuwa amezielewa mpaka siku hiyo.

"Kumbe ndiyo maana," alisema Biasha juu ya uzio. "Mimi nilidhani una chuki na bata wangu. Basi zamani Bi Majivu, sasa Bi Majani."

Wilfred alijikuna kichwa. Katika waraka wowote aliowahi kupokea hapakuwa na neno utupa. Lakini alipiga goti, akachimbua kwa kidole kando ya mche, na hakuona mchwa hata mmoja. Alichimbua mwingine, na mwingine. Alikuwa mtu wa maneno, lakini shamba alilijua.

Kisha akafika safu ya mwisho. Miche arobaini ilikuwa imepandwa safu nne za miche kumi kumi. Safu tatu zilikuwa na duara la unyevu na machicha kwenye kila shina. Ya nne ilikuwa kavu.

"Majani yamekuishia?"

"Hayajaisha."

"Basi umechoka. Sema tu umechoka, mtani, nikusaidie." Alichukua kata, akaichovya ndani ya debe.

Bi Mwanamvua akamzuia kwa kusimama mbele ya mche. Hakutania. "Hiyo iache."

"Itakufa."

"Nimesema iache."

Wilfred alirudisha kata. Alifikiri labda ni nadhiri, labda ni ya mizimu ya Vihingo, akaacha kuuliza. Stellamaris, aliyekuwa amechutama mwisho wa safu, alifungua daftari akaandika mistari miwili, akafunga.

Tangu hapo kila Jumatano walikwenda kutazama. Masika ya mwaka huo ilinyesha kwa wingi, ikaendelea mpaka katikati ya Juni, na mpaka wakati huo safu zote nne zilikuwa kijani sawasawa. Watu walipita, wakatazama, wakasema Bi Mwanamvua ana bahati na mvua. Yeye aliitikia, "Ndiyo," akaendelea kuchomoa vijiti vyake.

Mvua ilipokatika, mafundo ya khanga yakaongezeka. Wiki ya mwisho ya Juni mche mmoja wa safu ya nne uligeuka njano. Wiki iliyofuata ilikuwa minne. Katika safu zile tatu ulikufa mmoja, kisha wa pili, kisha basi. Wilfred akaanza kupiga hesabu hata akiwa juu ya baiskeli. Arobaini toa mitano, arobaini toa minane. Alikuwa amekuja Marui kufundisha watu, na sasa kitu alichokitaka kuliko vyote ni kwamba mwanamke huyu mkaidi asihamishiwe kwenye nguruwe.

Jumamosi kabla ya ukaguzi alikuja na miche mitano ya kitalu, ameifunga kwa kamba ya mkonge.

"Tunapandikiza pale palipokufa," alisema. "Si wizi. Kila mtu anapandikiza."

"Wewe mpagazi, nani amekutuma mzigo huo?"

"Bi Mwanamvua, nimehesabu. Ukiiacha hivi hufiki thelathini."

"Nami nimehesabu."

"Na?"

"Nimefika ulipofika wewe." Alimpokea ile miche, akaipanga kivulini ukutani, akailoanisha. "Hii nitaipanda wakishapita. Ahsante."

"Wakishapita itakuwa ya shamba la korosho."

"Basi mwenye korosho ataipanda. Njoo ule muhogo."

Wilfred alikula muhogo bila kutia neno, na Bi Mwanamvua akamuuliza kama anaumwa.

Ukaguzi ulifika Alhamisi baada ya Saba Saba. Mwenyekiti Mwinjuma alikuja mwenyewe, mrefu, mwenye fimbo na suruali iliyopigwa pasi, na nyuma yake watu kama kumi na watano waliokuwa wakifuata ukaguzi shamba kwa shamba kwa sababu siku hiyo hapakuwa na jambo lingine la kutazama. Mwinjuma alihesabu kwa sauti, akigusa kila mche kwa fimbo. Safu ya kwanza, kumi. Ya pili, tisa. Ya tatu, tisa. Alipofika ya nne akapunguza mwendo. Minane ilikuwa imekauka, imesimama kama mifagio. Miwili ilikuwa na kijani.

"Thelathini," Wilfred alisema haraka.

Mwinjuma hakuwa mtu wa haraka. Aliinama, akaushika mche mmoja kati ya ile miwili, akauvuta kwa vidole viwili tu. Ukaja mkononi. Chini ulikuwa mtupu, na mchwa watatu weupe wakadondoka kwenye kiatu chake.

"Ishirini na tisa," alisema. "Halmashauri ilisema thelathini."

"Mwenyekiti, mtu unamwangusha kwa mche mmoja?" alisema Biasha.

"Leo nikisamehe mmoja, kesho nitaletewa kumi." Alijipangusa kiatu. "Na hata hii iliyopona, tusidanganyane. Ni mvua. Mwaka huu imenyesha mpaka Juni, mchwa wamekaa chini. Msinirudishe kule kwenye majivu. Mimi mwenyewe nilichoma hata banda la kuku kwa ajili ya yale majivu."

Watu wakacheka. Bi Mwanamvua aliwangoja wamalize. Kisha akaenda kusimama katikati ya safu ya tatu na ya nne, penye upana wa hatua kumi.

"Mwenyekiti," alisema, "hapa mvua ilinyesha?" Akaonyesha safu ya tatu.

"Ilinyesha."

"Na hapa?"

Mwinjuma alitazama ile mifagio minane. Akarudi kwenye safu ya tatu, akainama kwenye mche wa kwanza akauvuta kwa vidole viwili. Haukusogea. Akauvuta kwa mkono mzima. Akaenda wa pili. Watu wakaacha kucheka, na mmoja wao akaruka mpaka safu ya kwanza kuvuta na yeye, ikabidi Bi Mwanamvua amwambie taratibu, asije akamaliza alichobakiza mchwa.

Wilfred alikuwa amesimama pale pale, uso ukimwaka moto. Miezi mitatu alikuwa ameitazama safu ile kama ukaidi. Alimgeukia Stellamaris. "Nipe daftari lako."

Alimpa, limefunguliwa tayari. Ulikuwa ukurasa wa mwezi Aprili, siku ile Wilfred alipozuiwa na kata mkononi. Wilfred akasoma kwa sauti ya ofisini: "Safu ya kwanza hadi ya tatu, miche thelathini, imetiwa dawa. Safu ya nne, miche kumi, haikutiwa, kwa makusudi ya mwenye shamba, ili kulinganisha." Akalifunga. Sasa maneno yakamrudia. "Ndugu Mwenyekiti, hili ni shamba la majaribio. Safu ya kulinganishia haihesabiwi pamoja na zao, popote pale. Miche ya zao ni thelathini, na iliyo hai ni ishirini na minane. Halmashauri ilisema robo tatu. Niambie robo tatu ya thelathini ni ngapi."

Mwinjuma alipiga hesabu kwa midomo. "Ishirini na mbili na nusu."

"Hiyo nusu nakuachia."

Mwenyekiti aliizungusha fimbo mchangani kwa muda. "Na mbegu za huo utupa," alisema hatimaye, "zinapatikana?"

"Zipo," alisema Bi Mwanamvua. "Nitakupa, na nitakuja kukuonyesha. Lakini uwe na kinu chake, na bata uwafunge."

"Nazitaka kwa ajili ya kijiji."

"Kwa ajili ya miche yake kumi na minne iliyobaki," Biasha alisema kwa sauti iliyofika kila mahali. "Jana nilipita kwake nikaihesabu."

Hata Mwinjuma alicheka. Alichukua karatasi kwa katibu wake, akaegemeza kwenye mgongo wa mtu, akaandika kwamba ekari itabaki kwa mwenyewe. Kisha msafara ukahamia shamba la Biasha, ambaye ghafla hakuwa na mzaha tena.

Walibaki watatu. Bi Mwanamvua alileta mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, ile ya miaka hiyo, isiyo na sukari. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha. Wilfred alikuwa anaongea bila kupumua. Alisema ataandika wilayani, atataka watu wa Kibaha na Mlandizi waje waone, na neno utupa litaingia kwenye waraka hata kama italazimu aulete kwa miguu kutoka makao makuu.

"Kwa miguu utaweza," alisema Bi Mwanamvua. "Ni kazi ya ukoo."

Kesho yake Stellamaris alikuwa anaondoka, apitie kwao Misugusugu kisha arudi chuoni. Ile karatasi yake ya maswali thelathini ilikuwa mapajani, imekunjwa mara nne, safi kama ilivyotoka Morogoro. Wilfred alipokaa kimya ili atafune, msichana alijikohoza. Wote wawili wakageuka kumtazama, naye akaona haya, lakini safari hii hakunyamaza.

"Bibi," alisema, "ile siku ulipoiacha safu ya nne, na ulijua shamba linaweza kwenda, hukuogopa?"

Bi Mwanamvua aliweka kikombe chini.

"Niliogopa, mwanangu. Nisingeogopa, ningeacha safu mbili."